Mashine ya CNC Ikigoma Kuongea na Kompyuta: Anza na Waya, Malizia na Programu Dhibiti

Swali hili linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. "Nimechomeka mashine, kompyuta haioni kitu." "Jana ilichonga vizuri, leo inaandika ALARM." "Ilifika katikati ya ubao wa mninga ikasimama, biti ikiwa imezama ndani ya mbao." Na karibu kila anayeuliza humalizia hivi: "Nadhani programu dhibiti imeharibika. Niiflashi upya?"

Jibu langu ni: bado. Programu dhibiti, ile inayoishi ndani ya chipu ya kontrola na kugeuza amri kuwa mizunguko ya mota, haiharibiki kirahisi. Vinavyoharibika ni kebo, viungio, umeme na mipangilio. Anayekimbilia kuflashi, yaani kuipakia upya kwenye chipu, kabla ya kupima hivyo anameza dawa ya malaria kabla ya kupima damu: huenda akapata nafuu kwa bahati, lakini hajui alikuwa anaumwa nini, na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa bado uko palepale.

Makala haya yanahusu mashine ndogo za mezani: zile za jamii ya 3018, zenye eneo la kazi la takriban sentimita 30 kwa 18, na zile ambazo mafundi hujiundia kwa Arduino Uno na bodi ya CNC Shield. Nyingi kati ya hizo huendeshwa na GRBL, programu dhibiti ya bure iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 na baadaye kuendelezwa na Sungeun Jeon. Kama bodi yako inatumia kitu kingine, hatua za umeme, kebo na kiendeshi zinakuhusu vilevile. Amri zenye alama ya $ ndizo zinazoweza kutofautiana.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Usiruke.

## Kabla hujagusa kitu

- Toa biti, na uzime mota ya kukatia. Mashine inayotafutiwa hitilafu inaweza kuanza kusogea bila kukupa taarifa. Weka vidole mbali na skrubu za kuendeshea.
- Usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati umeme umewaka. Draiva ndogo za mota kama A4988 zinaweza kuungua papo hapo. Zima adapta kwanza, kila mara.
- Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili kebo, kiendeshi na mpangilio kwa mpigo, mashine ikipona hutajua kilichoiponya, na ikizidi kuugua hutajua kilichoiumiza.
- Hifadhi mipangilio ukiwa bado unaweza. Kama mashine inaunganishwa hata kwa dakika chache, andika `$$` kwenye dirisha la amri la programu unayochongea, na ubonyeze Enter. Nakili orodha yote itakayotokea kwenye faili. Fanya hivyo pia kwa `$I`, inayoonyesha toleo la GRBL. Piga picha ya skrini na uiweke kwenye simu.

Hilo la mwisho lifanye leo, hata kama mashine yako ni nzima. Orodha ya `$$` ndiyo kumbukumbu pekee ya jinsi mashine yako ilivyopimwa, na anayeipoteza hulazimika kupima kila mhimili upya.

## Hatua ya 1: Tenganisha umeme wa aina mbili

Bodi ya kontrola hupata umeme kwa njia mbili. Ya kwanza ni USB, volti 5, inayolisha chipu yenye programu dhibiti. Ya pili ni adapta, ambayo kwa 3018 nyingi ni ya volti 24, inayolisha mota. Kila njia inaweza kuwapo bila nyingine, na hapa ndipo wengi hupotea.

- USB ipo, adapta haipo. Kompyuta inaunganishwa, GRBL inajibu, namba za mahali zinabadilika kwenye skrini, lakini mashine iko kimya. Mawasiliano ni mazima. Angalia swichi ya bodi, kitufe cha dharura na adapta.
- Adapta ipo, kompyuta haioni kitu. Taa inawaka, labda na feni inazunguka. Nenda hatua ya 2.
- Vyote vipo, lakini bodi inajizima na kujiwasha. Pima volti ya adapta kwa multimita wakati mota zinatembea. Ikishuka sana kutoka kwenye kiwango kilichoandikwa, adapta imechoka au haitoshi kwa mota zako.

## Hatua ya 2: Shuku kebo kabla ya kushuku bodi

Kebo ya kawaida ya USB ina nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data. Kebo nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa kuchajia tu hazina hizo mbili za data. Ukitumia kebo ya namna hiyo, taa ya bodi itawaka vizuri kabisa, nawe utaapa kwamba kebo ni nzima, huku kompyuta haipati hata neno moja.

1. Tafuta kebo ambayo umeshaitumia kuhamisha picha kutoka kwenye simu. Kama bodi yako ina tundu la mraba, kebo ya printa inafaa.
2. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Achana na kigawanyaji cha USB kwa sasa.
3. Tumia kebo fupi. Mita moja na nusu inatosha kwa meza ya kawaida.
4. Tikisa kiungio taratibu upande wa bodi. Mawasiliano yakija na kwenda, tundu limelegea kwenye solda, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye pasi ya kulehemu.
5. Kama unaishi karibu na bahari, angalia pini kwa tochi. Hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye shaba. Zima kila kitu, safisha kwa brashi laini na pombe ya isopropili, acha ikauke, kisha ujaribu tena.

Kosa la kawaida: kujaribu kebo nyingine iliyotoka kwenye boksi lilelile la chaja za simu. Huko si kujaribu, ni kurudia.

## Hatua ya 3: Je, kompyuta inaiona bodi?

Usifungue programu ya kuchongea bado. Uliza kompyuta yenyewe kwanza.

Bodi nyingi za mashine hizi hutumia chipu iitwayo CH340 kutafsiri kati ya USB na kontrola. Nyingine hutumia FTDI au CP2102. Soma maandishi madogo kwenye chipu iliyo karibu na tundu la USB ili ujue kiendeshi unachohitaji. Kwa kiendeshi namaanisha ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na chipu hiyo.

Kwenye Windows

1. Fungua Device Manager na utazame sehemu ya Ports (COM & LPT).
2. Chomoa kebo, kisha uchomeke. Mstari unaotoweka na kurudi ndiyo mashine yako. Andika namba yake, mfano COM5.
3. Ukiona alama ya njano, kiendeshi hakipo au hakifai. Pakua cha chipu yako kutoka kwa mtengenezaji wa chipu hiyo. Kwa CH340 ni kampuni ya WCH.
4. Kama tatizo lilianza mara baada ya Windows kujisasisha, fungua sifa za mlango huo na ujaribu Roll Back Driver.
5. Kama hakuna chochote kinachobadilika unapochomoa na kuchomeka, rudi hatua ya 2. Kiendeshi hakiwezi kutibu kebo isiyo na data.

Kwenye Linux

1. Andika `sudo dmesg | tail` mara baada ya kuchomeka. Kwa CH340 utaona jina ch341 na mlango kama `ttyUSB0`. Arduino Uno halisi huonekana kama `ttyACM0`.
2. Mlango ukionekana lakini programu ikakataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi linalofaa: `sudo usermod -a -G dialout $USER`. Kisha toka kwenye akaunti yako na uingie upya. Wengi husahau kutoka na kuingia, wakadhani amri haikufanya kazi.
3. Kwenye Ubuntu 22.04, mlango wa CH340 unaweza kuonekana na kupotea papo hapo kwa sababu programu ya brltty inaunyakua. Programu hiyo ni ya vifaa vya Breli vya wasioona. Kama hakuna anayevitumia kwenye kompyuta hiyo, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`. Kama yupo, usiiondoe. Tumia kompyuta nyingine kwa mashine.

Kwenye Mac

Andika `ls /dev/cu.*` kabla na baada ya kuchomeka. Jina jipya linaloongezeka ndilo mlango wako.

## Hatua ya 4: Mlango unaonekana, programu inagoma kuunganisha

Hapa sababu ni chache, na zote zinapimika.

- Programu nyingine imeshika mlango. Mlango mmoja hushikwa na programu moja tu. Funga Arduino IDE, Candle, LaserGRBL, Universal Gcode Sender na nyinginezo, ubakize moja. Angalia pia kama kuna iliyobaki imefunguka kimyakimya chini ya skrini.
- Namba ya mlango imebadilika. Ukihamisha kebo kwenye tundu jingine la kompyuta, COM5 inaweza kuwa COM7. Chagua upya.
- Kasi ya baudi si sahihi. GRBL kuanzia toleo la 0.9 hutumia 115200. Matoleo ya zamani ya 0.8 yalitumia 9600. Ukiona herufi za ajabuajabu zisizosomeka, hiyo ndiyo dalili yake.
- Rimoti ya mkononi bado imechomekwa. Mashine nyingi za 3018 huja na kisanduku chenye skrini cha kuendeshea bila kompyuta. Kisanduku hicho hutumia njia ileile ya mawasiliano na USB. Zima mashine, kichomoe, kisha uunganishe kompyuta.

Njia ya uhakika ya kupima ni hii. Fungua dirisha la Serial Monitor la Arduino IDE, weka 115200, na upange mstari umalizike kwa Newline. GRBL ikiwa hai itakusalimia kwa neno `Grbl`, namba ya toleo na `['$' for help]`. Andika alama ya `?` na itajibu hali yake, mfano `Idle` au `Alarm`, pamoja na mahali ilipo.

Ukipata salamu hiyo, sahau kuflashi. Programu dhibiti yako inaishi, na tatizo liko kwenye programu ya kompyuta au kwenye mipangilio.

## Hatua ya 5: Imeunganishwa, lakini imejifunga

Neno ALARM huwatisha watu, ilhali ni mashine inajilinda. Soma namba yake.

- ALARM:1 – swichi ya mwisho wa mhimili imeguswa, au waya wake umeokota kelele za umeme. Kama kichwa kimekaa juu ya swichi, zima umeme, zungusha skrubu polepole kwa mkono hadi kiachane nayo, kisha uwashe.
- ALARM:2 – faili linaamuru kwenda nje ya meza. Mara nyingi sifuri ya kazi imewekwa mahali pasipofaa.
- ALARM:3 – iliwashwa upya ikiwa inatembea. Usiamini tena mahali inapodai ipo.
- ALARM:9 – ilitafuta swichi ya nyumbani, yaani mahali inapoanzia kuhesabu, haikuipata. Chunguza waya wa swichi, halafu urefu wa mihimili kwenye `$130`, `$131` na `$132`.

Na haya ndiyo makosa yanayoulizwa zaidi:

- error:9 – umetuma amri mashine ikiwa imejifunga. Tumia `$H` kama una swichi, au `$X` kama huna.
- error:5 – umeagiza `$H` wakati utafutaji wa nyumbani umezimwa, yaani `$22=0`.
- error:20 – faili lina amri ambayo GRBL haiijui. Rudi kwenye programu ya kuchorea na uchague mfumo wa kutoa faili ulioandikiwa GRBL.
- error:22 – hakuna kasi ya kukata. Ongeza F kwenye faili.
- error:33 – tao kwenye faili halifungamani kihesabu. Toa faili upya.

Onyo: `$X` hufungua kufuli bila kutibu sababu. Ukiitumia, kumbuka kwamba mashine bado haijui ilipo. Sogeza kwa umbali mdogo, mkono ukiwa kwenye kitufe cha dharura.

Kosa la kawaida: mwenye mashine isiyo na swichi hunakili mipangilio ya mtu mwenye swichi, pamoja na `$22=1`. Kuanzia hapo mashine hujifunga kila inapowashwa. Andika `$20=0`, `$21=0`, kisha `$22=0`, na itatulia.

## Hatua ya 6: Inakatika katikati ya kazi

Mtihani mmoja hukata shauri. Endesha faili lilelile hewani, biti ikiwa imetolewa na mota ya kukatia ikiwa imezimwa. Likimalizika salama, liendeshe tena hewani mota ikiwa imewashwa. Likikatika mara ya pili tu, adui ni kelele za umeme kutoka kwenye mota hiyo. Likikatika mara zote mbili, tazama kompyuta na kebo.

Kama ni kelele za umeme:

1. Tenga waya wa mota ya kukatia na kebo ya USB na nyaya za swichi. Zikilazimika kukutana, zikatishe kwa msalaba, zisilale sambamba.
2. Tumia kebo ya USB yenye kinga ya ndani na kipande cha feraiti karibu na kiungio.
3. Chomeka mota kubwa na kivuta vumbi kwenye soketi nyingine, mbali na kontrola.
4. Hakikisha ethi ipo kweli. Ekstensheni nyingi zina matundu matatu usoni lakini waya wake ndani ni wa nyaya mbili, na nyumba nyingi za zamani hazina ethi inayofanya kazi. Mwite fundi umeme apime. Hili linahusu uhai wako kabla ya kuhusu mashine.

Kama ni kompyuta:

- Zuia laptopu isilale, na uzime USB selective suspend kwenye mipangilio ya umeme ya Windows.
- Ahirisha masasisho hadi kazi iishe.
- Usiendeshe kazi ya saa kadhaa kwenye kompyuta ileile unayotazamia video.

Umeme wa nyumba ukikatika

Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Umeme ukikatika, mota husimama, lakini laptopu ina betri, na USB inaendelea kulisha chipu. GRBL haijui kwamba mota zimekufa. Inaendelea kupokea amri na kuhesabu hatua zisizotembewa. Umeme ukirudi, mota zinaamka na kuendelea kutoka mahali pasipo pake, biti ikiwa bado ndani ya mbao.

Basi umeme ukizimika:

1. Simamisha kazi kwenye programu papo hapo. Usisubiri.
2. Zima swichi ya mashine, ili umeme ukirudi ghafla isianze yenyewe.
3. Inua biti kwa kuzungusha skrubu ya wima kwa mkono.
4. Ukiwasha tena, tafuta nyumba kwa `$H`. Sifuri ya kazi ya G54 imehifadhiwa kwenye kumbukumbu, lakini inahesabiwa kutoka nyumbani. Bila nyumba, haina maana.
5. Kama huna swichi, weka alama ya kudumu ya sifuri kwenye meza kabla ya kila kazi, mfano pini kwenye kona ya ubao.

## Hatua ya 7: Inajibu vizuri, inapima vibaya

Hili huletwa kama tatizo la programu dhibiti, ilhali ni namba tu.

Umbali si sahihi. Mfano wa 3018: mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawa kila hatua mara 16, na skrubu inasogeza milimita 4 kwa mzunguko. 200 × 16 ÷ 4 = 800. Hiyo ndiyo namba ya `$100`, `$101` na `$102`. Ukiagiza milimita 100 ikatembea 98, zidisha 800 kwa 100, ugawe kwa 98, utapata 816.3. Lakini ikitembea 50 au 200 kamili, usisahihishe kwa hesabu bado. Tazama kwanza jampa za mgawanyo wa hatua chini ya draiva, kisha aina ya skrubu.

Mhimili unakwenda kinyume. Badili `$3`. Huna haja ya kugusa nyaya.

Mota inalia bila kuzunguka. Kasi au mchapuko umewekwa juu mno. Punguza `$110` hadi `$112`, na `$120` hadi `$122`, kwa nusu, kisha upande taratibu.

Inaanza kukata kabla mota haijachanganya. Angalia `$32`. Ikiwa 1, mashine iko kwenye hali ya leza na haisubiri mota ishike kasi. Irudishe kuwa 0 unapochonga kwa biti.

Namba zote zinaonekana ndogo isivyo kawaida. `$13=1` inaonyesha ripoti kwa inchi. Weka 0.

## Hatua ya 8: Sasa ndipo uguse programu dhibiti

Flashi ukiona mojawapo ya haya, na hatua zote zilizotangulia zimepita:

- Mlango upo, kebo ni nzima, baudi ni 115200, rimoti imechomolewa, lakini salamu ya `Grbl` haiji kabisa.
- Umenunua bodi mpya tupu, au Uno iliyokuwa na programu nyingine.
- Unahitaji uwezo ambao toleo lako halina, na umeujua kwa jina. "Toleo jipya ni bora" si sababu ya kutosha.

Mpangilio wa kazi

1. Tambua bodi kwa kusoma chipu. GRBL ya kawaida ni ya ATmega328P. Bodi yenye ESP32 hutumia programu nyingine, kama FluidNC, na faili la moja halifai kwa nyingine.
2. Kama mtengenezaji wa mashine yako ametoa faili lake, tumia hilo kwanza. Huenda amebadili mambo ndani yake ambayo toleo la kawaida halina.
3. Hifadhi `$$`, kama bado inajibu.
4. Zima adapta ya mota, ubaki na USB peke yake. Chomoa rimoti. Funga programu zote zinazotumia mlango.
5. Hakikisha laptopu ina chaji ya kutosha.
6. Kwa Arduino IDE, fungua faili la zip la GRBL, kisha ongeza kama maktaba folda ndogo iitwayo `grbl` iliyomo ndani. Usiongeze zip nzima.
7. Kwenye mifano ya maktaba hiyo chagua `grblUpload`. Usibadili chochote ndani yake.
8. Chagua bodi na mlango, kisha upakie. Usiguse kebo hadi iseme imemaliza.
9. Fungua Serial Monitor kwa 115200. Salamu ikija, rudisha mipangilio yako ya `$$` mstari mmoja mmoja.

Ikikataa kwa ujumbe wa "not in sync"

- Umechagua mlango usio wake, au mlango umeshikwa.
- Kwa Arduino Nano, jaribu chaguo la ATmega328P (Old Bootloader). Nano nyingi za bei nafuu zina butiloda (programu ndogo ndani ya chipu inayopokea upakiaji) ya zamani inayoongea kwa 57600.
- Kuna kitu kimechomekwa kwenye pini za mawasiliano, mara nyingi ile rimoti.
- Yote yakishindikana, huenda butiloda yenyewe imefutika. Hapo unahitaji kifaa cha ISP kama USBasp na mtu anayekijua. Njia hiyo kwa kawaida hufuta pia kumbukumbu ya mipangilio.

Mtego wa CNC Shield. Kuanzia GRBL 0.9, swichi ya mwisho ya mhimili wa Z ilihamia pini ya 12, na udhibiti wa kasi ya mota ya kukatia ukachukua pini ya 11. Bodi nyingi za CNC Shield bado zimeandikwa kwa mpangilio wa zamani. Kama Z haioni swichi yake baada ya kupandisha toleo, badilisha nyaya hizo mbili.

Mtego wa kumbukumbu. Toleo jipya likikuta mipangilio ya mfumo tofauti, huirudisha yote kwenye thamani za kiwandani. Mtu huwasha, huagiza milimita 10, na mashine inakwenda umbali mwingine kabisa. Ndiyo maana mtihani wa kwanza baada ya kuflashi ni milimita 10 hewani, bila biti, rula ikiwa pembeni.

## "Lakini..."

"Jana ilikuwa inafanya kazi, na sijabadili chochote." Ninakuamini. Lakini kompyuta inaweza kuwa imejisasisha, kebo imevutwa wakati wa kufagia, au vumbi la MDF limeingia kwenye swichi. Hatua za 1 hadi 3 zipo kwa ajili yako.

"Si rahisi zaidi kununua bodi nyingine?" Kama shida ni kebo au ethi, bodi mpya itafanya vilevile, nawe utakuwa umepoteza pesa. Nunua bodi baada ya kuthibitisha kwamba ya zamani haijibu kwenye kompyuta mbili na kebo mbili tofauti.

"Fundi ameniambia niandike `$RST=*`." Amri hiyo inafuta mipangilio yote, na sifuri zako zote pamoja nayo. Ina mahali pake, lakini si kabla ya kuhifadhi `$$`.

"Mimi si mtaalamu wa kompyuta." Hakuna hatua hapa inayodai utaalamu. Zinadai subira, na kuandika unachokiona.

## Ukiomba msaada, peleka haya

Bado imegoma? Omba msaada, na usione haya. Ila usiandike "mashine yangu haifanyi kazi" pekee. Peleka:

1. Picha ya bodi inayoonyesha maandishi ya chipu.
2. Aina ya kompyuta na mfumo wake.
3. Kinachotokea kwenye orodha ya milango unapochomoa na kuchomeka.
4. Salamu ya GRBL na majibu ya `$I` na `$$`, kama yapo.
5. Namba kamili ya ALARM au error.
6. Hatua ulizokwisha kupita, na ulichokiona kwenye kila moja.

Mwenye kupeleka orodha hiyo mara nyingi hujibiwa kwa ujumbe mmoja. Na wapo watakaoligundua jibu wenyewe wakiwa kwenye kipengele cha tatu, kabla hata ya kutuma.